Kukaa salama na punda: mambo ya kujua kwa mwenye punda, mchukuzi na mpita njia wa Lamu

Kuna methali mbili za punda ambazo kila mtoto wa Pwani huzisikia kabla hajajua kusoma. Ya kwanza yasema fadhila ya punda ni mateke. Ya pili yasema punda afe lakini mzigo ufike. Mimi naona moja yaieleza nyenzake. Ukiishika ile ya pili tangu asubuhi, jioni utakutana na ile ya kwanza. Punda hapigi teke kwa kukosa shukrani. Hupiga kwa sababu ameshtuka, au anaumwa, au amebanwa pahali hana pa kutokea. Mwenye kuzijua sababu hizo tatu amejiepusha na sehemu kubwa ya ajali.

Naandika haya nikiwa na Lamu akilini, kwa sababu ndipo punda na binadamu wanapogusana bega kwa bega kila siku. Mji wa kale, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ulijengwa kwa kipimo cha mtu na mnyama. Kuna vichochoro Mkomani ambavyo huwezi kunyoosha mikono yote miwili bila kugusa kuta. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kisiwa kina punda wapatao 3,000. Mchanga, saruji, mawe ya Manda, mitungi ya gesi na magunia ya unga, vyote hupita mgongoni mwao. Pikipiki nazo zimeingia, lakini fundi anayejenga ndani ya mtaa bado anamngoja punda.

Hivyo basi, njia hiyohiyo anayopita punda mwenye mzigo ndiyo anayopita mtoto wa madrasa na bibi anayetoka kuzuru jamaa. Siku moja Langoni niliona mtoto, umri wake kama miaka sita, akikimbilia mpira uliobingirika nyuma ya punda aliyefungwa mlangoni. Teke lilimpata ubavuni. Alishukuriwa Mungu kwamba hakuvunjika, lakini nilichokumbuka zaidi ni maneno ya watu wazima waliokuwa barazani. Wote walimlaumu punda. Hapana aliyeuliza kwa nini punda alifungwa akiwa ameipa njia mgongo.

Tuanze na macho yake. Macho ya punda yako pande mbili za kichwa, kwa hivyo anaona karibu pande zote kwa wakati mmoja, lakini kuna sehemu mbili hazioni. Moja ni nyuma yake moja kwa moja, na nyingine ni mbele ya paji la uso na chini ya pua. Ukitokea nyuma kimya kimya, kwake wewe ni kitu kisichojulikana kilichomgusa. Ukinyoosha mkono ghafla kumpapasa paji la uso, mkono huo unampotea machoni kabla haujamgusa, naye atarusha kichwa. Kichwa cha punda ni kizito, na meno ya mtu si mazito kiasi hicho.

Masikio ndiyo barua yake. Yakielekea kwako, anakusikiliza. Yakilala nyuma yakabana shingoni, huku mkia ukipigapiga au mguu wa nyuma ukiinuka kidogo, ameshakuambia usogee. Tatizo ni kwamba punda husema kwa sauti ndogo. Farasi akiogopa hukimbia, kila mtu akaona. Punda akiogopa mara nyingi husimama tu. Anakita miguu, anatazama, anafikiri. Sisi tunauita huo ukaidi, tunachukua fimbo. Kumbe mnyama ameona bomba la maji lililolazwa njiani, au kivuli asichokielewa, na anataka nusu dakika aelewe ni nini. Mpe nusu dakika hiyo. Ukimpiga wakati ameganda, njia zilizobaki kwake ni mbili, kuruka mbele au kurusha mateke, na zote zitamuumiza mtu kichochoroni.

Namna ya kumwendea ni hii. Mwite kwanza, aisikie sauti yako. Njoo kwa upande, uelekee begani, si usoni wala mkiani. Mguse bega au shingo kabla hujagusa kitu kingine, kisha mkono usiondoke mwilini mwake unapozunguka. Ukihitaji kupita nyuma yake, una chaguo mbili tu: pita karibu kabisa, mkono ukiwa juu ya kiuno chake na mwili wako ukigusana na wake, au pita mbali, hatua tatu nne kamili. Hatari iko katikati, pale mguu wake unapokuwa umenyooka na una nguvu zote. Na usidhani ubavuni hakuna teke. Punda hupiga pia kwa pembeni, na hata mguu wa mbele huweza kuurusha.

La Lamu hasa: usikae kati ya punda na ukuta. Mahali pengine hili ni neno la tahadhari tu, kwetu ni la kila siku. Kijana anajipenyeza kukaza kamba upande wa ukutani, punda anasogea hatua moja kumpisha mtu, na kilo mia na hamsini zinamgandamiza kijana kwenye jiwe la matumbawe. Mtoe mnyama penye nafasi, kaza kamba pande zote mbili, ndipo uingie naye kichochoroni. Na ukiwa wewe ndiwe mpita njia, ukisikia "Simile! Simile!", ingia ndani ya daka la mlango au panda barazani. Usijibanze ukutani ukidhani mzigo utakupita. Shogi zilizojaa mawe ni pana kuliko punda mwenyewe, na yeye hana habari ya upana huo.

Kamba. Hapa ndipo vidole hupotea. Usiizungushe kamba mkononi wala kiunoni hata mara moja, hata kama punda ni mpole na umemlea tangu mtoto. Ikunje mikunjo mikubwa uishike katikati ya mikunjo, ili akiruka kamba iteleze bila kukuburura. Mfunge kwenye kitu kisichong'oka: pete ya ukutani au mti. Usimfunge mlangoni wala kwenye mkokoteni, maana akivuta kitu kikamfuata, atakimbia nacho mtaa mzima. Fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja. Kimo cha fundo kiwe cha kifua chake au juu kidogo, na urefu wa kamba usizidi mkono wa mtu, asije akaiingiza miguu. Mfunge kichwa kikiielekea njia, aone nani anakuja. Wala usipite chini ya shingo yake kwenda upande wa pili, zunguka.

Kamba za nailoni nyembamba za kufungia miguu nazo sizipendi, na sioni haya kusema hivyo. Hukata ngozi mpaka nyama. Punda mwenye kidonda mguuni ndiye atakayekupiga teke siku ukitaka kumshika mguu huo. Kama ni lazima kumfunga miguu asitembee mbali, tumia kitambaa kipana kilichosokotwa.

Kwato za punda hukua kama kucha. Anayetembea sana juu ya saruji huzila, na wa mchangani huziachia zikarefuka zikapinda mbele. Zinataka kukatwa kila wiki 6 hadi 10 na mtu anayeijua kazi hiyo. Lakini kuzisafisha ni kazi ya mwenye punda, kila siku baada ya kazi, maana kijiwe kimoja kilichokwama hutosha kumfanya achechemee. Simama kando ya bega lake ukiangalia nyuma. Telezesha mkono kutoka begani kushuka mguuni taratibu, halafu bana kidogo juu ya kwato. Mwenyewe ataupa mguu. Usiuinue juu sana wala kuuvuta nje, kwa maana mnyama huyu ni mdogo na viungo vyake havikunjuki kama vya farasi. Chuchumaa, usipige magoti. Aliyepiga magoti hawezi kuruka.

Akikataa, mlete rafiki yake asimame karibu. Hili watu hulicheka lakini lina ukweli mkubwa. Punda hushikamana wawili wawili, na kumtenga mmoja na mwenzake humfadhaisha mpaka akaacha kula. Punda aliyetulia kwa kumuona mwenzake ni nusu ya usalama wako.

Sasa mzigo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo jambo linalowaumiza punda na watu kwa pamoja. Kipimo kinachotumika mara nyingi kwa mzigo wa mgongoni ni theluthi moja ya uzito wa punda mwenye afya. Punda wetu ni wadogo. Chukua punda wa kilo 150. Theluthi yake ni kilo 50, yaani mfuko mmoja wa saruji. Tunaona mifuko miwili kila siku. Hiyo ni theluthi mbili za mwili wake, juu ya mgongo, juani, akipanda kutoka pwani. Mchanga nao hudanganya. Gunia la mchanga mkavu si sawa na gunia lilelile likiwa limelowa maji ya bahari pale jahazi linapopakua.

Najua jibu nitakalopewa: safari mbili badala ya moja ni riziki iliyopungua. Ni kweli kwa siku hiyo. Lakini punda aliyelemewa hujikwaa, huanguka kwenye vidato, na aliye mbele yake akimvuta ndiye anayeangukiwa. Kidonda cha mgongo humlaza wiki kadhaa bila kazi. Na kupata punda mwingine si rahisi kama zamani. Machinjio manne ya punda yalipofunguliwa nchini kuanzia mwaka 2016 ili ngozi ziuzwe nje, wezi walijipatia soko na punda wakaadimika. Serikali iliyapiga marufuku Februari 2020, mahakama ikaibatilisha marufuku hiyo mwaka uliofuata, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Sheria ya nchi nayo, ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumzidishia mnyama mzigo, kumpiga ovyo na kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa kuwa ni makosa.

Wapakiaji wawe wawili, mmoja kila upande, wakipandisha na kushusha kwa wakati mmoja. Ukishusha upande mmoja tu, shogi la pili humvuta punda, akayumba, na mara nyingi huyumbia kwa mtu. Chini ya shogi weka matandiko mawili manene, moja kila upande wa uti wa mgongo, mfereji ukiachwa katikati. Uti wenyewe usibebe kitu. Gunia moja lililokunjwa na kuwekwa juu ya uti ndilo linalozaa vile vidonda vya mviringo tunavyoviona mjini. Na hapo hapo pana usalama wako: punda anayeumwa mgongo huanza kung'ata wakati wa kufungwa mkanda. Ukiona punda aliyekuwa mpole ameanza kung'ata, mfunue mgongo kabla hujamfunua kinywa kwa fimbo.

Kidonda kisafishwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, kama kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita. Oili chafu ya injini, majivu na maji ya betri si dawa. Nimeona vyote vitatu vikipakwa, na kila mara kidonda kilizidi. Kwa Lamu hatuna udhuru, kwa kuwa kliniki ya The Donkey Sanctuary, iliyofunguliwa mjini mwaka 1987, hutibu punda bila malipo. Kuna wanaoogopa kumpeleka kwa haya ya kuulizwa kidonda kimetokana na nini. Bora kuulizwa.

Lugha yetu yenyewe ina ugonjwa uliobeba jina la mnyama huyu: pepopunda. Vijidudu vyake hukaa udongoni na kwenye samadi, na huingia mwilini kwa kidonda, hata cha msumari mdogo. Punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nao zaidi. Utamwona amesimama kama kibao, miguu mikavu, masikio yamesimama, na ngozi nyeupe ya ndani ya jicho imetokeza. Kwa binadamu, taya hukaza kwanza. Kila anayefanya kazi ya punda anastahili kuwa na chanjo ya pepopunda, inayorudiwa kila miaka 10. Ukipata jeraha chafu na imepita miaka 5 tangu uchanjwe, nenda ukachanjwe tena. Wengi wetu tulichanjwa utotoni tukasahau, na vijana wanaotembea peku nyuma ya punda ndio wanaonitia wasiwasi.

La pili la kuogopwa ni kichaa cha mbwa. Punda akiumwa na mbwa mwenye kichaa huugua naye, na akikuuma au mate yake yakiingia penye kidonda chako, umo hatarini. Dalili zake hupoteza watu. Punda hudondokwa na mate, hashuki tonge, na mwenyewe hudhani amekwama na ganda la embe kooni. Basi hutia mkono kinywani amtoe. Usitie mkono. Punda asiyemeza, aliyebadilika tabia, anayejing'ata mwenyewe au kuuma mbao, mfungie peke yake uite daktari wa mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa saa, kisha aende hospitali siku hiyohiyo apewe chanjo. Asingoje kuona kama punda atakufa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Chakula nitapita haraka. Majani makavu na nyasi zaidi kuliko pumba, maji safi mara kadhaa kwa siku, na hasa kabla ya kazi na baada yake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini punda wanaoachwa jalalani bado hupata nailoni za kula, zikaziba tumbo. Punda mwenye maumivu ya tumbo hagaragari kila mara kama farasi. Huinamisha kichwa, hujitenga, haendei chakula. Asiyekula siku nzima ni mgonjwa wa haraka, wala si mvivu, kwa maana mafuta ya mwili wake huanza kumiminika kwenye damu na kumuua. Joto lake la kawaida ni karibu nyuzi 37. Jua tu kwamba kipimajoto huingia nyuma, na anayekiingiza asimame ubavuni, akiegemea paja, mwenzake akishika kichwa.

Dume lisilohasiwa linataka mtu mzima. Likinusa jike hulisahau jina lako, na kung'ata kwake ni kwa kushika na kutikisa. Jike aliyezaa naye humlinda mwanawe hata kwa aliyemlisha jana. Mtoto wa punda hupendeza, lakini asizoeshwe kuruka juu ya watoto wenu kwa mchezo. Mchezo wa kilo 20 hugeuka kuwa mchezo wa kilo 150.

Kwa mashindano ya mbio za punda nina neno moja tu kwa wazazi na waandalizi: watazamaji wasimame upande mmoja wa njia, nyuma ya kamba, na watoto wasikae ukingoni mwa gati. Vijana hupanda bila tandiko na punda akigeuka ghafla hurusha aliye juu kule alikokuwa akielekea.

Wanaofanya kazi na farasi wa ufukweni huko Diani watauliza kama haya yanawahusu. Mengi, ndiyo. Tofauti ni kwamba farasi hakiti miguu akifikiri. Anaondoka, na nguvu zake ni mara mbili au tatu. Kwa hivyo mgeni asipandishwe bila kofia ngumu, asiingize mguu wote kwenye kikanyagio, na farasi asipitishwe katikati ya watu wanaocheza mpira.

Katika Sura ya An-Nahl farasi, nyumbu na punda wametajwa pamoja kuwa ni vya kupandwa na ni pambo. Na imo katika Sahih Muslim hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomwona punda aliyechomwa alama usoni na jinsi alivyomlaani aliyefanya hivyo. Walimu wetu wakiisoma hii mara moja kwa mwaka mbele ya vijana wa punda, naamini itafika pale ambapo makala haya hayatafika.

Ikiwa teke limeshampata mtu, usitazame damu peke yake. Teke la tumbo au mbavu huweza kupasua ndani bila alama juu ya ngozi. Akipauka, akitoka jasho baridi, tumbo likiwa gumu, au akikojoa damu, ni hospitali sasa hivi. Aliyepigwa kichwani akitapika, akisinzia au mboni za macho zikitofautiana, vivyo hivyo. Asipewe chakula wala kinywaji njiani. Mguu au mkono unaoonekana kuvunjika ufungwe kwenye ubao kama ulivyo, usinyooshwe wala kukandwa. Walio Kipungani waamue mapema, maana boti hungoja maji. Na mmoja abaki na punda, amfunge mbali na watu, amfungue mzigo, amtazame mgongo na miguu.